Kuezeka Upya Banda la Verna

Upepo ulioling'oa paa la banda la Verna Triffitt ulikuja asubuhi na mapema, wakati birika lilikuwa bado halijachemka. Watu wa mji mdogo wa Zeehan wameuzoea upepo. Unatoka baharini upande wa magharibi, unakuja na mvua yake mfukoni, na mtu akisikia dirisha linagongagonga hageuzi hata kichwa. Lakini asubuhi ile Verna alisikia ukuta wa jikoni ukilia kama mtu anayeng'olewa jino. Banda lake la kazi liliegemea ukuta uleule, na lilikuwa na kipaa kimoja tu, kilichoteremka kutoka ubavuni mwa nyumba hadi kimo cha kichwa cha mtu. Alipotoka nje na ndara zake, bati la mwisho lilikuwa likivuka uzio wa jirani likijipigapiga kama kuku aliyeshikwa mguu mmoja.

Mle bandani alikuwa na boti. Ilikuwa boti ndogo ya makasia, ya mbao za msonobari wa Huon zenye rangi ya siagi, Verna ameijenga nusu, na mwalimu mmoja wa mji jirani wa Strahan alikuwa akiisubiri kwa ajili ya kiangazi. Maji yalikuwa yakiimwagikia. Verna aliburura turubai kutoka stoo, akaitukana mvua, akautukana upepo, akaitukana na kamba iliyokataa kufungika, mpaka boti ikafunikwa.

Hajamaliza kupangusa uso, shemeji yake akaegesha pikapu mbele ya nyumba. Merv alikuwa mdogo wake Athol, mume wa Verna, na kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba za watu. Kukiwa na dhoruba, yeye ndiye hulala vizuri.

"Shemeji, bati lako moja nimelikuta kwa jirani yako Doreen, limelala juu ya kabichi kama limelipa kodi."

"Mwache Doreen alile."

"Nakwenda mjini Burnie sasa hivi. Nikuletee mabati yaleyale? Ya bluu? Ya kijani? Sema, duka lisije likavamiwa. Nusu ya mji haina paa leo."

Verna alikuwa amefungua mdomo kusema yaleyale, bati ni bati. Ndipo alipogeuka, akamwona Athol amesimama ndani ya banda.

Ilikuwa miaka mingi Athol hajakanyaga mle. Tangu mgodi ulipowaangukia yeye na Kelvin Spurling, wakazikwa gizani, na akatoka Athol peke yake, alikuwa mtu wa milangoni. Alilala dirisha wazi hata theluji ikianguka. Alikula ameuelekea mlango. Baa aliingia chumba cha mbele tu, na watu walimwachia kiti kile cha karibu na kizingiti bila kuambiana neno. Banda la Verna lilikuwa la chini, jeusi kwa masizi na kutu, halina dirisha hata moja. Athol alikuwa akimletea mkewe chai, anaweka kikombe kizingitini, anagonga ubao mara moja na kuondoka.

Sasa alikuwa katikati ya banda, mvua inamnyeshea usoni, mkono mmoja ameuingiza chini ya turubai, anaupapasa ubavu wa boti.

"Huu ubao umeukunja vizuri," alisema.

Verna alisimama palepale. Aliogopa kwamba akisema kitu, mume wake atagundua yuko wapi.

"Shemeji?" Merv aliita. "Bati gani?"

"Subiri kwanza," Verna alisema. "Usininunulie kitu."

Basi ikawa hivyo, na kuanzia siku ile Verna hakutulia. Kila mvua ilipopumzika alikunja turubai, na Zeehan mvua ikipumzika ni kwamba inavuta pumzi tu. Athol alikuja. Alisimama chini ya mbingu ya kijivu, akachukua kipande cha msasa, akasugua. Alinusa zile mbao. Siku moja Verna alimsikia akipiga mluzi, akatoka nje akajifanya anatafuta koleo.

Mvua ikianza alikunjua turubai, na banda likawa giza la samawati, na Athol akatoka. Ikikoma alikunja. Alifuta maji kwa matambara, akazungushia mbao magazeti, akaamka usiku kuziangalia, akarudi kuzilaza, akaziinua tena. Kazi haikwenda. Akishika randa anafikiria paa, akikaa kunywa chai anasimama kabla hajaketi vizuri. Mbao za ubavuni zilianza kuvimba kwenye maungio. Merv alipita karibu kila siku.

"Unafuga bata humo, shemeji?"

"Wewe endelea na mapaa ya watu."

"Nimemaliza ya watu. Limebaki la ukoo wangu, na ndilo wanalonichekea baa. Ni bati gani la ajabu unalolitafuta, la dhahabu?"

Angemwambiaje? Akiezeka mabati yale ya zamani, atapata banda kavu na mume wa kizingitini. Akiacha wazi, atapata mume na boti iliyooza. Usingizi ulimpaa. Mwishowe alichukua gari akaenda Burnie peke yake, bila kumuaga mtu, akaingia duka la vifaa vya ujenzi, akasimama mbele ya mabati ya plastiki, yale yanayopitisha mwanga. Alilinyanyua moja akazitazama taa za dukani kupitia bati hilo. Zilionekana zote, zimepinda kidogo.

Mama mmoja wa dukani, mwenye plasta kwenye kidole gumba, alimfuata.

"Unataka la kuchanganya na mabati ya kawaida? Moja mawili ya kuleta mwanga?"

"Nataka la banda zima."

"Banda la nini?"

"La kazi. Najenga boti za mbao."

Yule mama alimtazama vizuri. "Mwenzangu, litakutoa jasho. Asubuhi litakuwa na matone upande wa ndani, yote yatakudondokea. Jua likitoka litakuoka, wewe na mbao zako."

"Najua."

"Haya, kama unajua."

Verna aliagiza. Akatoka, akanunua pai ya nyama, akaketi garini na pai mapajani bila kuila. Akarudi ndani akafuta oda. Yule mama aliichana ile karatasi. Verna alifika mlangoni, akageuka.

"Niandikie tena," alisema. "Na safari hii nikirudi, nifungieni mlango."

Mabati yalifika na pikapu ya Merv, ambaye safari nzima alikuwa ameyatazama kwenye kioo kama abiria asiyemwelewa. Alipokuwa akiyashusha, Athol alitoka jikoni, bado anatafuna mkate.

"Haya ya nini?"

"Ya banda," Verna alisema.

"Yote?"

"Yote."

Athol aliupitisha mkono kwenye mikunjo ya lile la juu. Kabla ya mgodi alikuwa fundi wa nyumba, na Verna aliona jinsi hesabu ilivyokuwa ikimpita usoni: baridi ya nje, pumzi ya ndani, matone, mbao. Kisha akaona hesabu nyingine ikifuata, na uso ukabadilika.

"Nani kakwambia ununue haya?"

"Hakuna aliyeniambia. Nina macho."

"Yatakuharibia mbao."

"Nitafuta."

"Utafuta mpaka lini, Verna? Kila asubuhi, mpaka ufe?"

"Mbao ni zangu."

"Na mimi ni nani, mgonjwa wako?" Sauti ilipanda. Merv alijishughulisha na kamba ambayo haikuwa na fundo. "Watu watapita barabarani waone banda la kioo, waseme, ah, pale ndipo Verna anapomfuga Athol. Kama nyanya ya kitalu!"

"Waseme! Miaka yote hii nafanya kazi mle naongea na ukuta. Unaniwekea kikombe mlangoni kama mfungwa. Unajua ni mara ngapi nimetaka mtu wa kunishikia ncha moja ya ubao? Hivyo tu, anishikie ncha moja!"

Athol alitupa mkate kwa mbwa wa jirani na kuondoka. Hakuchukua koti.

Verna alimwacha. Aliingia ndani akaosha vyombo visafi. Kisha akatoka, akaenda hadi njia panda, akarudi. Akaenda upande wa reli ya zamani, akaita, akaona aibu kuita. Kelele za mpira wa redioni zilitoka kwenye nyumba za watu, na kila mlango uliofunguka ulimfanya ageuke. Alipita baa akachungulia kiti cha karibu na kizingiti: mtupu. Mvua ikamkuta barabarani. Alikumbuka boti, akakimbia. Turubai lilikuwa limekwisha kufungwa, na kwa fundo ambalo si lake. Pikapu ya Merv haikuwepo. Mabati ya plastiki hayakuwepo.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasimama, akakaa. Ikawa alasiri ndipo pikapu ilipokunja kona. Athol alikuwa mbele karibu na dirisha, dirisha wazi, bega moja limelowa. Nyuma kulikuwa na mabati ya chuma, na roli nene la karatasi ya kung'aa ya kutandika chini yake ili yasitoe jasho, na juu kabisa mabati machache ya plastiki, yamefungwa peke yake.

"Yule mama wa dukani amesema mkirudi tena anaita polisi," Merv alisema.

Athol alishuka. Hakumtazama mkewe moja kwa moja. Aliokota kijiti akachora tope.

"Juu ya boti ni chuma. Huku kote ni chuma, na karatasi chini yake. Hapa, kutoka kwenye meza yako ya kazi mpaka mlangoni, tunapitisha ya mwanga, mstari mmoja. Hakuna mbao zinazolala upande huo."

"Mstari mmoja utatosha?"

"Sijui." Alichora tena palepale alipokwisha kuchora. "Kuiona mbingu si lazima. Nikiwa ndani nataka niuone mlango. Basi."

"Na ule mwisho wa chini tunaupandisha," Merv alisema. "Lile banda lilijengwa na marehemu baba, naye alikuwa kimo cha pipa."

Walianza keshoye. Merv na Athol walikuwa juu, Verna chini akiwapa skurubu na kushikilia ncha za pau. Mwanzoni alifurahi. Kisha mabati yakaanza kutoka ukutani kuja kwake, moja likilalia jingine, na kila moja lilipolala giza lilisogea hatua. Boti ilimezwa. Msumeno ukamezwa. Alisikia nyayo za mumewe juu ya kichwa chake na drili ikilia, akafikiri, anajifungia mwenyewe, kwa mikono yake, na mimi ndiye ninayempa skurubu. Mara mbili nusura aseme acheni. Walipofika kwenye ule mstari, mwanga ukashuka juu ya meza, ukatambaa sakafuni, ukafika mlangoni. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyoutarajia.

Merv alikusanya vifaa vyake akaaga. Athol alisimama kizingitini.

"Si lazima leo," Verna alisema.

"Nyamaza kidogo."

Aliingia. Alifuata mwanga mpaka kwenye meza, akaishika kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka kwenye nywele, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Niongeleshe," alisema.

Verna alianza kumwambia juu ya mzee wa Strahan aliyenunua boti ya kwanza kutoka banda lile, akaipaka rangi ya zambarau, akaipa jina la mke aliyemkimbia, na yule mke akaja kudai boti kwa sababu ina jina lake.

"Akampa?"

"Walipatana. Wakaoana tena."

Athol alicheka, kicheko kifupi chenye pumzi nyingi. "Kelvin alikuwa anaongea muda wote," alisema. Hakuwa amewahi kulitaja jina lile nyumbani. "Habari za mbwa wake, basi, mbwa, mbwa, mbwa. Aliponyamaza ndipo nilipoanza kuogopa."

Kisha akaiachia meza akatoka haraka, na Verna alimsikia kwenye uzio akivuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Hakumfuata. Aliamini kwamba ndiyo basi, hataingia tena.

Siku iliyofuata randa haikumkaa mkononi. Alisikiliza mlango wa jikoni, alisikiliza bomba, alisikiliza kimya. Mvua ilipoanza, chuma kilinguruma hata asisikie chochote, na alipoinua macho Athol alikuwa tayari ndani, amebeba kigoda. Alikiweka chini ya mstari wa mwanga, akaketi, akachukua msasa. Hawakuweza kusikilizana. Baada ya muda alitoka, akasimama mvuani, akarudi amelowa. Akatoka tena. Verna alikwisha kuacha kumtazama, au alikuwa akijilazimisha kuacha, maana ubao mrefu wa ubavuni ulikuwa tayari kufungwa na ncha yake ya mbali ilikuwa ikining'inia hewani. Aliusukuma mahali pake kwa bega, akanyoosha mkono kutafuta jiriwa, na akahisi ubao umekuwa mwepesi. Upande wa pili, gizani, nje kabisa ya mwanga, mtu alikuwa ameshika.

"Haraka basi," Athol alipiga kelele kuishinda mvua. "Huku siwezi kukaa!"