Mstari wa Saa Nane Mchana

Saa nane mchana, kwenye kiwanda kimoja cha chipu huko Bayan Lepas, kiyoyozi cha chumba cha vipimo kilizimwa kama kila siku, na mstari wa grafu ukaanguka kutoka kwenye karatasi. Thilaga, mpimaji wa chipu, aliusikia ukigusa sakafu. Mama Zaleha, mfagiaji, akauzoa pamoja na vumbi.

"Leo mzito, mwenzangu," alisema. "Jana ulikuwa kama uzi wa cherehani."

Karatasi hiyo, ya kuwapa wanunuzi, ilieleza chipu mpya ya amplifaya, ya kukuza ishara dhaifu za umeme, ndogo kuliko punje ya mchele. Grafu ilionyesha kasi yake ya kuitikia ishara kadiri joto linavyopanda. Mstari ulipaswa kuinama, maana chipu hupungua kasi ikipata joto. Kiwandani waliuchora umenyooka, nao joto likiingia haukuweza kujishikilia. Kwenye jedwali, chini ya "kawaida", paliandikwa volti kumi na tatu kwa mikrosekunde. Chini ya "uhakika", yaani kasi ambayo chipu haishuki chini yake, palikuwa patupu.

Thilaga, aliyepima chipu mia mbili kwenye joto la wodi ya hospitali, alijua nyingi hufika sita, basi. Chipu za kwanza za aina hiyo zilishafungwa kwenye mashine za kusoma mapigo ya moyo ya watoto njiti, na mtoto wa Malar, mdogo wake, alikuwa amelazwa chini ya mashine mojawapo. Akaandika sita penye utupu, akampelekea bosi wake, Ooi.

"Umekula lakini?" Ooi aliuliza.

"Nimekula, bosi."

"Sasa mbona unataka sisi tulale njaa? Futa hiyo."

"Wanunuzi wanaisoma 'kawaida' kama ahadi, bosi. Moyo ukistuka, chipu inachelewa, mashine haioni."

"Aiyo! Mtu hajui kusoma, kosa langu? Kawaida ni kawaida. Tutachapisha asubuhi, kukiwa na baridi."

Asingefuta yeye, angefuta mwingine. Alifuta. Aliona aibu mpaka kwenye ngazi, kisha hakuona aibu tena. Karatasi ilichapishwa kesho yake saa tatu asubuhi, ikapendeza.

Mchana wa siku hiyo Malar alipiga simu kutoka wodini.

"Dada, mstari wa moyo wa mtoto umeanguka kitandani. Nesi ameukunja, ameutia kwenye droo. Anasema mashine haina shida."

"Mtoto je?"

"Ametulia. Ametulia mno. Dada, wewe ndiyo kazi yako hii. Ni kawaida?"

Thilaga alilitazama jedwali.

"Ni kawaida," alisema.

Malar akashukuru, akakata simu.