Mwendo wa Nell

Watu wanaotengeneza michezo ya kompyuta nilikuwa nawadharau hata kabla sijakutana nao. Baada ya kukutana nao, nikaona dharau yenyewe nilikuwa nimewapunja.

Walikuja kwetu, rasi ya Beara, mwezi wa pili, watatu, na viatu vyeupe kwenye tope letu. Walimfuata Cailleach, ajuza wetu wa kale aliyejenga milima kwa mawe yaliyomdondoka kwenye aproni, na ambaye mpaka leo yuko pale Kilcatherine, amegeuka jiwe, uso baharini, anamngoja mumewe. Kila apitaye humwachia kitu: sarafu, kishikizo cha nywele, ganda la chaza. Mimi humwachia kifungo cha shati. Wale watatu walimpiga picha zisizo na idadi, mmoja akamkalia begani, na hawakumwachia hata unyoya.

Mkubwa wao, Caolán, kijana wa Dublin mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, alinikuta nje ya posta niliyoiendesha kwa miaka thelathini na minne.

"Mama, tunatafuta mtu wa kutembea kama Cailleach," akasema. "Sura tutachora sisi. Mwendo ndio lazima utoke kwa binadamu. Tunakuvalisha, kamera zinakunasa, mwendo wako unaingia kwenye mwili wake."

"Kwa hiyo Cailleach atakuwa mimi?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Mtu mwenye akili angeuliza ni namna gani hiyo. Mimi kichwa kilishavimba. Nina miaka sabini na moja, sina mume, sina mtoto, na tangu posta ifungwe hakuna mtu aliyenihitaji kwa lolote. Kabla ya Jumapili parokia nzima ilikuwa imeshajua kuwa Gobnait O'Shea ndiye Cailleach. Jirani yangu Hanora Harrington, aliyeuzidi umri wangu kwa miaka kumi na ulimi wangu kwa ishirini, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe, Cailleach? Basi na mbuzi wangu apelekwe, angalau yeye ndevu anazo."

"Wivu utakuua, Hanora."

"Nimeshachelewa kuuawa na kitu kidogo hivyo."

Huko Dublin walinivalisha nguo nyeusi ya kubana, nikawa kama gunia la viazi lililofungwa kamba, kisha wakanibandika vidude vyeupe kila kiungo. Binti mmoja aliyekuwa anatafuna muda wote akasema nitembee. Nikatembea kwa heshima, kama mtu aliyeumba milima.

"Kizee zaidi, Mama."

Nikainama kidogo.

"Bado. Iwe kama kikongwe wa kuchekesha, unajua?"

Nilijua, na kwa bahati mbaya nilijua vizuri mno. Mama yangu, Nell, alikuwa na nyonga mbovu. Mguu wa kushoto aliutupa kwanza, mkono kiunoni, bega limeshuka kama amebeba ndoo. Nikiwa msichana wa miaka kumi nilikuwa namfuata nyuma barabarani nikimwiga, na ndugu zangu wamekaa juu ya ukuta wa mawe wakishika mbavu kwa kicheko. Tulikuwa hatuelewani, mimi na Mama. Nilimwona mshamba, mkali, mwenye kunuka mwani na sabuni ya dawa. Basi nikautoa ule mwendo. Sikuwa nimeutembea kwa miaka sitini, lakini ulikuja wote mzima. Yule binti akacheka hadi akaacha kutafuna. Nami nikaongeza chumvi, kwa sababu nilipenda kuchekewa.

Mwezi wa kumi Caolán alirudi kutuonyesha kazi yake. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia umejaa, chai kwenye yale mabirika makubwa na sandwichi za mayai. Alitundika ukutani shuka jeupe kubwa kuliko altare. Mimi nilikaa mbele, nimevaa hereni.

Kwenye shuka akatokea msichana. Miaka ishirini, nywele za fedha, paja nje, viatu vya visigino virefu juu ya barafu.

"Huyo nani?" akauliza mzee mmoja kutoka nyuma.

"Ndiye Cailleach," akasema Caolán.

"Kwani mwili wake mwingine wote umeliwa na nani?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwanamke aliyeinua milima kwa aproni, wamemvua aproni! Caolán akaeleza kuwa wateja hawapendi kucheza na uso wenye makunyanzi. Alilisema hilo mbele ya chumba chenye makunyanzi matupu, na sandwichi yetu mkononi.

"Gobnait, umenawiri, shoga!" akaita Hanora. "Hayo mapaja uliyaficha wapi?"

Uso uliniwaka. "Caolán," nikasema, "mwendo wangu uko wapi?"

"Upo, Mama, upo! Umo mwanzoni kabisa. Vijana waliojaribu mchezo wamempenda kupita wote."

Akabonyeza kidude cha kuendeshea mchezo alichoshika. Likatokea lango la mawe, na mbele yake kikongwe mwenye matambara na chunjua puani. Huyu, akasema, ndiye mchawi mlinzi wa lango. Anao ufunguo. Mchezaji anampiga teke, anabingirika, ufunguo unadondoka, lango linafunguka. "Anachekesha sana mkimwona anavyobingirika."

Kikongwe akaanza kutembea.

Kwetu mtu hutambuliwa kwa mwendo kabla ya sura. Ukimwona mtu ng'ambo ya ghuba, kidoti tu kwenye mlima, unajua ni nani na unajua kama amegombana na mkewe. Mguu wa kushoto ukatupwa kwanza. Mkono kiunoni, bega limeshuka. Hatua nne, akasimama, akageuza kichwa kutazama nyuma, akaendelea. Hata namna hiyo ya kugeuka nilikuwa nimeiiga, na sikukumbuka kuwa nimeiiga.

Vicheko vikafa. Kijiko kiliacha kukoroga.

"Mungu wangu," akasema mtu. "Nell."

Mama alikufa miaka ishirini na miwili iliyopita. Alikuwa mkunga wetu. Nusu ya waliokaa mule ukumbini, mikono ya kwanza kuwagusa ilikuwa yake. Wakaanza kusimama mmoja mmoja.

"Sasa tazameni," akasema Caolán, kidole tayari.

"Thubutu!" Hanora alishafika mbele, fimbo juu. "Mguse uone."

"Bibi, ni mchezo tu. Asipopigwa lango halifunguki."

"Na lisifunguke! Nyonga ile ilivunjika kwenye barafu, usiku anakuja kwangu kunizalisha mwanangu wa kwanza. Alitambaa mpaka mlangoni. Wewe umtie teke?"

Caolán akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kucheka naye. Hakupata. Akakiweka kile kidude mezani, kando ya sandwichi, na pale ukutani Mama akaendelea kutembea mbele ya lango, akienda na kurudi.

Watu wakaja kunishika mkono. Wakanishukuru. Umemrudisha mama yako, Gobnait. Lazima ulimpenda sana, kumkumbuka hivyo. Nilivumilia mikono minane au tisa. Ya Hanora ilinishinda.

"Nilikuwa namdhihaki," nikamwambia. "Utotoni, na hata kule Dublin. Niliwauzia dhihaka."

Nilingoja anitukane. Siku hiyo matusi yake ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Najua," akasema. "Na yeye alijua."

"Alikuambia?"

"Dirisha langu linatazama barabara, Gobnait. Unafikiri nyote wawili nilikuwa siwaoni? Siku moja nikamwuliza, Nell, mbona humchapi huyo mtoto? Akaniambia, wale wengine nikitoka hawajui hata nimeelekea wapi. Huyu kila nikigeuka yupo."

Nilikaa na hereni zangu za kipumbavu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na dharau ya kumgawia mtu mwingine yeyote. Niliihitaji yote mwenyewe.