Yaliyoota kwa Mstari

Fundi Saa alipalilia bustani ya mkewe kwa kibano. Alipiga magoti kwenye tuta, kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni, akachomoa mche mmoja mmoja kama anavyochomoa skrubu kwenye tumbo la saa ya mkono. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, halina kazi. Kanuni yake ilikuwa moja tu: kilichoota kwa mstari kimepandwa, kilichoota ovyo ni gugu. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba palipo na mpango pana mkono wa mtu. Basi akang'oa vyote vilivyotawanyika, akavitupa kwenye biwi la taka nyuma ya jiko, akaacha safu moja iliyonyooka kando ya mpira wa maji uliotoboka. Alipoinuka kiuno kilimlia, lakini moyoni alijipongeza.

Mkewe alikuwa amesafiri mbali, kwa binti yao aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alifungua kibunda cha mwisho cha mbegu alizoachiwa na marehemu mama yake, akazisia tutani, kisha akafunga sanduku.

"Utarudi lini?" Fundi Saa alimuuliza.

"Nitarudi nikirudi. Mwagilia. Na paka umlishe."

Hawakuwa wamegombana. Afadhali wangegombana. Walikuwa wameishiwa maneno tu, kama mtungi unaovuja polepole hata mwenye nyumba asijue umekauka lini. Yeye huinamia saa zake, mke huinamia udongo wake, na mezani ni "nipitishie chumvi" na "umefunga mlango?" Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Fundi Saa aliuogopa mshindo huo. Kule kwa binti kuna mtoto, kuna vicheko, kuna watu wa kuongea nao. Mtu akishazoea hayo, atarudi kufuata nini?

Simu ya kwanza ilikuwa fupi.

"Bustani je?"

"Zimeota."

"Zimeotaje?"

Akaahidi kuangalia. Kesho yake akatoka mapema na kioo chake, akachutama mbele ya ile safu hadi miguu ikafa ganzi. Jioni alipopiga simu alikuwa na la kusema.

"Jani lake kama sikio la paka wetu, mama watoto. Lina ncha, halafu ndani laini. Na zimekaa vizuri, mstari umenyooka kama rula."

"Mstari?" mkewe aliuliza.

"Mstari."

Upande wa pili pakawa kimya. Fundi Saa alidhani mtandao umekatika, akaitikisa simu.

"Haya," sauti ilirudi, imekauka kidogo. "Kesho nipigie."

Akapiga kesho, na keshokutwa. Alisimulia manyoya ya shina, jinsi majani yanavyojikunja jua likiwa kali, na yule mdudu wa kijani anayetembea kinyumenyume. Alifunga vijiti kwa uzi, kila mche na chake. Saa za watu zikarundikana mezani, mpaka mteja mmoja akang'aka, "Fundi, siku hizi huna hata dakika?" Paka, aliyeitwa Shauri Yako kwa sababu hakuwahi kumtii mtu, aligoma kula tangu bibi yake aondoke, hadi sauti ya bibi huyo iliposikika kwenye spika ya simu, ndipo alipoisogelea sahani. Wanaume wawili wa nyumba ile wakawa wanaisubiri jioni kwa hamu moja.

"Nimekata tiketi," mkewe alisema siku moja. "Jumamosi niko nyumbani."

Furaha ilimpanda Fundi Saa hadi kwenye masikio. Akataka ampokee kwa kumtajia jina la ua lake. Alishusha kitabu kikubwa cha bustani cha mkewe, akakisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa hakuwa mtu wa vitabu. Alilipata jani lake karibu na mwisho. Sikio la paka, manyoya ya shina, vyote vilikuwapo pichani. Juu ya picha iliandikwa: Magugu sugu. Chini yake: yang'olewe yangali machanga.

Akakimbilia biwini. Miche ya mama mkwe wake ilikuwa imebaki vikonyo vikavu, na Shauri Yako amelala juu yake.

Ijumaa alikwenda kwa muuza miche. Akachagua iliyochanua vizuri kuliko yote, akaibeba hadi njiani, kisha akageuka na kuirudisha. Angeweza kumdanganya mtu yeyote kuhusu tuta lile, ila si mtu ambaye yeye mwenyewe alimsimulia kila jani. Usiku hakupata usingizi wa maana.

Mkewe aliingia Jumamosi na vumbi la safari, na paka akamvamia miguuni.

"Pole na safari."

"Nimeshapoa."

"Mama watoto, kabla hujavua viatu." Akampokea mzigo. "Miche ya mama nimeing'oa. Yote. Nimekulelea magugu."

Mkewe alipita hadi bustanini. Aliitazama safu ile iliyofungwa vijiti na uzi, ndefu, yenye afya, imepambwa kama maharusi. Midomo ikamcheza, na machozi yakamlengalenga.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu siku ile uliposema mstari. Mimi na mama hatujapanda mstari hata siku moja. Sisi tunamwaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nililia kwanza. Binti yako akadhani naumwa." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Kesho yake ukapiga, ukanieleza manyoya ya shina. Nikasema, nikimwambia huyu mtu, atanyamaza tena. Na mimi kimya chako nilikuwa nimekichoka, baba."

Fundi Saa akalikamata jembe, ayafyeke magugu yake.

"Ngoja," mkewe alimshika mkono. "Mbegu kidogo nilimpelekea binti. Zimeota mlangoni kwake, ovyo kabisa, huwezi kupita. Zikikauka tutakwenda kuzichukua mbegu."

"Tutakwenda?"

"Wewe na mimi. Au unasubiri barua ya mwaliko?" Akainama. "Haya maajabu yako yanachanua?"

"Yanachanua. Ila kwa macho matupu huoni kitu. Hilo nilikuwekea, nikwambie ana kwa ana."

Alitoa kioo kwenye mfuko wa shati, akakifuta kwa upindo, akambandika mkewe jichoni.

"Funga jicho la pili. Sogea. Sogea tu, halikuumi."

Mkewe akapiga magoti, pua ikakaribia kugusa jani. Fundi Saa naye akashuka taratibu, kiuno kikilia, akakaa kando yake kwenye udongo. Shauri Yako akaja, akajinyoosha katikati ya safu na kuvunja vijiti viwili, na hakuna aliyemfukuza.

"Eh!" mkewe alinong'ona. "Eh, jamani!"

"Unaona nini?" Fundi Saa aliuliza, ingawa alikuwa analijua ua lile ndani nje. "Hebu nisimulie."