Wageni Kumi na Mmoja wa Bwawani

Nianze kwa kukiri: mimi ndiye niliyekataa kupokea zamu. Nimesema mwenyewe, msinisute.

Pale kazini kwetu, kwenye bwawa la maji ya mji, sheria ya getini ni moja. Kila anayeingia anaandikwa kwenye kitabu cha wageni, na mlinzi haondoki mpaka wote wametoka au mwenzake amekubali kukipokea kitabu kama kilivyo. Mwaka jana nilikipokea kikiwa na mgeni mmoja ambaye hajatoka. Alikutwa chumba cha pampu, amelala fofofo, na barua ya onyo nikapewa mimi. Nikaapa sirudii.

Mlinzi mwenzangu tunamwita Kalamu, kwa sababu katika miaka ishirini na sita hajaacha safu hata moja tupu. Alhamisi asubuhi bata kumi na mmoja walitua bwawani. Si bata tuliowazoea. Hawa walikuwa na vichwa vyeupe na midomo ya buluu iliyokolea, na mmoja alikuwa na pete ya chuma mguuni. Mtu mwingine angewatazama kidogo akaendelea na chai yake. Kalamu akawaandika.

Nilipofika jioni nilikuta kila kitu kimejazwa. Jina: Bata. Idadi: kumi na mmoja. Anakotoka: juu. Sababu ya ziara: kuogelea. Namba ya kitambulisho: ile ya kwenye pete, kaisoma kwa darubini ya ofisi. Muda wa kutoka: bado.

"Mdogo wangu, nipokee," akaniambia. "Keshokutwa namwozesha binti yangu."

"Kaka, si umewaandika mwenyewe? Wafute kwanza."

"Kitabu cha ofisi hakifutwi!"

Alinikera kweli. Nikageuza baiskeli nikarudi nyumbani, nikamwacha anakwenda ukingoni kuwatangazia bata, kwa adabu zote, kwamba muda wa wageni umekwisha. Niliambiwa walisogea katikati ya bwawa.

Ijumaa meneja alimtuma mtaalamu wa ndege. Bwana yule akafunua ramani yake juu ya meza ya getini, akaikagua, akatikisa kichwa. Bata wa aina hii ni wa nchi za baridi, hawajawahi kufika huku.

"Kitaalamu," akasema, "hawa hawapo hapa."

"Basi nisainie kwamba wametoka," Kalamu akamsihi.

"Nitathibitishaje kwamba wametoka watu ambao hawakuingia?"

Akasaini muda wake mwenyewe wa kutoka, akaenda zake. Nyuma yake bata walikuwa wanapiga mbizi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nikiwa na hakika kwamba mzee ameshakata tamaa akaondoka. Nikamkuta kibandani, amevaa suti, kitabu kiko mapajani. Mara gari likasimama getini, akashuka binti yake na gauni lake jeupe, amelikunja mkononi lisiguse vumbi.

"Baba, tunasubiriwa."

"Andika jina kwanza, mwanangu."

Nilidhani atalia. Akachukua kalamu akaandika, safu moja baada ya nyingine. Anakwenda kwa: baba. Sababu ya ziara: kumchukua.

Kalamu alisoma mara mbili. Mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kaka, lete hicho kitabu."

"Wamo kumi na wawili sasa."

"Nimeona. Lete."

Alitaka kwanza kumwandikia binti yake muda wa kutoka. Akaangalia saa, akaweka kalamu kwenye ile safu, na mkono ukagoma. Akanikabidhi kitabu safu ikiwa tupu, akamshika mwanawe mkono wakatoka.

Bata waliondoka Jumatatu, saa tatu na dakika kumi, na nikawaandika wote kwamba wametoka. Meneja alipokuja kukagua, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho akauliza huyu mgeni mmoja yuko wapi.

Nikamwambia yuko kwa baba yake.