Fomu Tisa za Ndama

Shangazi yangu, dada yake baba, amefanya kazi kwenye kliniki ya wanyama kwa miaka ishirini na miwili, na nitakayemsikia akimcheka tena atanitambua. Nasema hivyo nikijua kwamba aliyemcheka kuliko wote nilikuwa mimi.

Mezani kwake, pale mapokezi, kuna rundo la fomu za kijani. Mnyama akipewa dawa ikamdhuru, akatapika, akavimba uso au akalala kupita kiasi, mtu anatakiwa ajaze fomu hiyo aipeleke kwenye ofisi inayosimamia dawa. Anatakiwa. Wengi huangalia pembeni. Shangazi hakuangalia pembeni hata siku moja. Paka akipiga chafya baada ya sindano, tayari kalamu imeshatoka sikioni. Ndiyo maana pale kazini wote, kuanzia daktari mwenyewe, walimwita Bi Fomu. Ile ofisi ilimjibu mara moja tu kwa miaka yote hiyo, karatasi yenye muhuri na neno moja: "Imepokelewa." Ameibandika ukutani.

Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku kilichoandikwa "Maelezo mengine". Watu wote hukiacha kitupu. Yeye alikijaza mpaka maandishi yakapanda pembeni mwa karatasi kama mchwa ukutani. Nani alimshika mnyama. Alikula nini asubuhi. Alipimwaje uzito. Mlango ulikuwa wazi au ulifungwa.

"Shangazi," nilimwambia siku moja, makusudi wateja wasikie, "andika basi na nilivyovaa."

Akaniangalia miguuni. "Ndala," akasema, akaandika.

Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao.

Kazi yangu ilikuwa kutoa dawa. Mnyama akija namweka kwenye mizani, napiga hesabu ya kipimo kulingana na uzito wake, navuta dawa kwenye bomba la sindano, namkabidhi daktari. Hesabu sikuwahi kukosea. Nilijivunia hilo, na nilijivunia jambo la pili: mimi ndiye niliyewaweza ndama.

Ndama tuliwaita mbwa wa ile mbegu kubwa, wale majitu wenye miguu mirefu na mashavu yanayoning'inia, ambao wakisimama kichwa kinafika juu ya meza bila kunyoosha shingo. Wapole mno, lakini waoga wa kila kitu kinachong'aa, na mizani yetu iling'aa. Isitoshe ilikuwa ndogo, ilitengenezwa kwa mbwa wa kawaida. Kwa hiyo ndama tulimpima nusu nusu: miguu ya mbele kwanza, tusome, kisha ya nyuma, tusome, halafu tujumlishe. Wenzangu wakijaribu, mbwa anacheza, mshale wa mizani unacheza, wanakata tamaa. Mimi namkumbatia mabegani, nambana mpaka anatulia. Kisha kiunoni, nambana mpaka anatulia. Mshale unasimama wima. Hakuna ndama aliyewahi kunishinda.

Ndani ya miezi saba ndama tisa waliopewa dawa ya usingizi walipata shida. Mmoja alilala siku mbili. Wengine ufizi uliwageuka mweupe kama chaki, pumzi ikawa ya kuhesabu. Wawili hawakuamka. Shangazi alijaza fomu tisa, na zile mbili za mwisho niliona mkono wake ukisimama katikati ya sentensi, ukisubiri, ukiendelea.

Daktari alizisoma akatoa uamuzi: mbegu hii haiwezi dawa ile. Tangu hapo hakuna ndama aliyelazwa kwa upasuaji pale kwetu.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, mama fundi cherehani wa mtaa wa nyuma aliingia amevaa futi yake shingoni, akimvuta Jenerali. Jenerali ni ndama wa kijivu, mzee kidogo, na ndiye yule aliyewahi kulala siku mbili tulipomng'oa jino. Leo tumbo lilimkaza kama ngoma. Siku ya pili hajala wala hajapata choo.

"Daktari, kameza mkono," fundi alisema.

"Mkono wa nani?"

"Wa koti! Koti la bwana harusi. Nimegeuka kuwasha pasi, nikirudi naona koti lina mkono mmoja na yeye anajilamba. Mwenyewe anaoa Jumamosi."

Nilimpima kama kawaida yangu. Mbele arobaini na tano, nyuma thelathini na tisa. Themanini na nne. Picha ya eksirei ilionyesha kila kitu, mpaka vifungo. Daktari aliishika dirishani kwa muda mrefu.

"Utumbo umeziba," alisema. "Apasuliwe leo, kabla ya jioni."

"Mpasue basi."

"Siwezi kumlaza, mama. Dawa inawaua hawa. Bi Fomu mwenyewe kaniandikia fomu tisa, na huyu wako yumo. Hospitali kubwa wana dawa nyingine."

"Ni safari ya siku nzima."

"Najua."

"Kwa hiyo unaniambia nichague afie wapi."

Daktari aliishusha ile picha. Si mtu mbaya. Alikuwa amewafunika wale wawili kwa mikono yake, na hakutaka wa tatu. Fundi akachuchumaa, akashika kichwa kile kikubwa kama mtu anayeshika mtungi uliojaa. Jenerali akamlazia shavu begani.

Shangazi akainuka mapokezi na faili la nakala za fomu mkononi.

"Daktari, nipe nusu saa."

"Bi Fomu, hizo fomu ndizo zinazonizuia."

"Ndizo hizo. Umezisoma mpaka chini?"

Daktari akakuna kidevu. "Nimesoma dalili. Nimesoma kipimo cha dawa."

"Hujasoma mpaka chini."

Akazipanga zote tisa juu ya meza ya vifaa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegawa karata. Akavaa miwani. Akaanza kusoma visanduku vile tulivyokuwa tukivicheka, kwa sauti, bila haraka. Mmoja alikula, mwingine hakula. Mmoja asubuhi, mwingine alasiri. Chupa za dawa tofauti. Daktari alidunga sita, msaidizi wake alidunga tatu. Kila alipokuta jambo linalotofautiana alilipiga mstari wa kalamu ya risasi. Nilimtazama mwanamke yule ambaye shule aliiacha darasa la saba ili baba yangu asome, akimwendesha daktari mwenye vyeti vinne ukutani, na daktari anafuata kwa kidole kama mwanafunzi.

Ikabaki sentensi moja ambayo haikupigwa mstari. Ilikuwemo kwenye fomu zote tisa.

"'Amepimwa nusu nusu,'" alisoma. "'Ameshikwa kwa nguvu mabegani, kisha kiunoni, na mtoa dawa, mpaka mshale ukatulia.'"

Damu ilinipanda kichwani. Niligonga meza, kalamu ikaruka.

"Shangazi, unanisingizia mbele za watu? Mimi hesabu sijawahi kukosea!"

"Baba," alisema kwa upole, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipozaliwa, "sijasema hesabu. Nimesema mikono."

"Mikono imefanya nini?"

"Si unamkandamiza atulie?"

"Bila kumkandamiza hatulii!"

"Na unayemkandamiza amesimama wapi?"

Niligeuka nikaitazama mizani.

"Tena na ndala," aliongeza, akigonga fomu ya sita kwa ukucha. "Sakafu hii ina maji kutwa. Mimi toka pale mezani nakuona unavyoteleza. Wewe ulidhani umemshika mbwa. Mara nyingine ulikuwa umejishikilia kwake."

Fundi cherehani, pamoja na uchungu wake wote, aliguna. Hilo guno liliniuma kuliko tusi.

Niliondoka kwa hatua kubwa nikachukue daftari langu la dawa. Nilitaka kumnyamazisha. Ndani yake kuna kila mnyama niliyemtolea dawa, salama na asiye salama, na nilijua nitapata ndama walioipata dawa ileile wakaamka. Kweli niliwapata. Walikuwa wawili, watoto wa miezi minne, walilazwa wakaamka siku hiyohiyo wakilia njaa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nipige kelele za ushindi pale nilipoona uzito wao. Kilo ishirini na tatu. Kilo ishirini na sita. Wadogo. Walienea kwenye mizani wazima wazima, wakasimama peke yao, na mimi sikuwagusa.

Nilisimama mbele ya kabati. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiniona. Ningeweza kulirudisha daftari mahali pake nikasema sijapata kitu, na daktari angeamini, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutilia shaka daftari langu. Niliwakumbuka wale wawili waliofunikwa. Wa pili alinilamba kiwiko nilipokuwa nimembana.

Nililipeleka. Nikaliweka wazi mbele ya shangazi, nikaonyesha mistari miwili kwa kidole. Alisoma, akanishika mkono nyuma ya kiwiko, palepale, akauachia.

"Tutajuaje kwa hakika?" daktari aliuliza. "Mizani ni hii moja."

"Ng'ambo ya barabara wanapima magunia," shangazi alisema. Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake.

Basi tukatoka, msafara wa ajabu: daktari na koti lake jeupe, fundi na futi yake, Jenerali akitembea kama mtu anayetoka msibani, shangazi mbele akisimamisha magari kwa fomu ya kijani. Mwenye ghala la nafaka alikuwa anashona gunia. Alitutazama kuanzia juu mpaka chini.

"Huyu ni wa jumla au wa rejareja?"

"Pisha hapo," shangazi alisema. "Na mtu asimguse."

Ile mizani ni bamba la chuma, pana kama mlango, limechoka, halina mng'ao wowote. Jenerali alilinusa, akanusa unga uliomwagika, akapanda mwenyewe. Fundi alirudi nyuma hatua mbili, mikono nyuma. Mimi nilirudi hatua tano. Mwenye ghala akasogeza vyuma vyake, akapunguza, akapunguza tena, akasubiri.

"Sitini na sita."

"Rudia," daktari alisema.

"Mzee, hapa hatuuzi uongo. Sitini na sita kamili."

Kilo kumi na nane zilizobaki zilikuwa zangu. Mara tisa nilikuwa nimewapa mbwa wale dawa ya mwili wao pamoja na dawa ya mikono yangu.

Daktari aligeuka, akamtazama shangazi jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akimtazama mtu. "Miezi saba hizi karatasi zilikuwa mezani kwangu," alisema.

"Sasa umezisoma," shangazi alijibu. "Twende, mbwa anaumwa."

Nilivuta dawa kwa kilo sitini na sita. Daktari aliagiza tuanze na nusu ya kipimo, polepole, tuone, maana mwili mkubwa namna hii hataki tena kuuharakisha. Jenerali alilegea, akalala. Shangazi alikaa kichwani kwake saa nzima na nusu, kidole kwenye ufizi, akiniambia rangi kila dakika chache nami nikiandika: pinki, pinki, pinki, pinki kidogo imepungua, pinki. Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Mkono wa koti ulitoka mzima, na vifungo vitatu.

"Vifungo vyangu!" fundi alipiga kelele mlangoni. Kisha akaanza kulia, akalia mpaka futi ikalowa.

Saa tisa alasiri Jenerali alifungua jicho moja. Akalifunga. Akafungua yote mawili, akatafuta nani yupo, akapiga mkia sakafuni mara moja, kama mtu anayegonga mlango wa jirani anayemjua.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Nilipopita mapokezi nikamkuta shangazi ana rundo jipya la fomu za kijani mbele yake.

"Za nini tena? Mbwa kaamka."

"Tisa za kusahihisha. Nimeisingizia dawa, nimeisingizia na mbegu nzima ya mbwa. Mahali fulani kuna daktari kazisoma, anamkatalia mtu kama yule fundi."

"Shangazi, hujasingizia. Wewe ndiye uliyeandika ukweli."

"Juu niliandika kilo themanini na kitu. Ni uongo ule, hata kama sikuujua."

Nilivuta kiti. Alinitazama kwa chati, akagawa rundo katikati, akanisukumia nusu yangu. Zile mbili za waliokufa alizichukua upande wake. Nilinyoosha mkono nikazirudisha kwangu. Hakunizuia.

Kuandika kulinishinda mwanzoni. Juu ni rahisi, ni tarehe na dawa na dalili. Nilipofika kwenye kisanduku cha chini kalamu iligoma. Kisha nikaandika kwamba mbwa alipimwa nusu nusu, kwamba uzito haukuwa wake peke yake, kwamba aliyembana ni mimi, na jina langu lote, na la baba. Maandishi yakajaa, yakaanza kupanda pembeni mwa karatasi.

Nilipofika kwenye ile ya sita nilisita.

"Shangazi, na ndala niziandike?"

Hakuinua kichwa. "Zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Basi andika."