Matairi Yaliponyamaza

"Umelizika gari langu, Esfandiar! Theluji ya paa lako lote umeimwaga mbele ya geti langu!"

"Sasa ulitaka niile?" Esfandiar alijibu kutoka juu ya paa, beleshi la mbao mkononi, mvuke ukimtoka mdomoni kama birika. "Paa langu la udongo, Bwana Qodrat. Nisipolikwangua litatulalia mimi na watoto. Theluji imetoka juu, huko ndiko kwa kupeleka malalamiko."

"Una bustani nyuma. Kijiji kizima cha Varzan kinamwaga bustanini!"

"Bustanini kuna mizinga yangu ya nyuki."

"Mizinga! Mizinga yako ina roho, mke wangu hana?"

Madirisha ya kichochoro yakaanza kufunguka. Bibi Shahrbanu, ambaye tangu aolewe kijijini hapo hakuwahi kukosa ugomvi hata mmoja, alitoa kichwa kizima na glasi ya chai juu. "Mwambie, Qodrat! Mwambie na ile ya mwaka jana!"

Qodrat hakuwa na nafasi ya ile ya mwaka jana. Figo za mkewe, Golandam, zilikuwa zimekufa miaka miwili nyuma, na mara tatu kwa wiki alimshusha mjini, ng'ambo ya mlima, akasafishwe damu kwa mashine. Alhamisi barabara ilifungwa wakakosa. Leo Jumamosi. Nesi alikuwa amempigia simu jana na kuongea polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: asikose tena. Maji yanapanda mapafuni, sumu inaenda moyoni. Usiku kucha Golandam alikuwa amelala kwa kukaa, mgongo ukutani, na Qodrat alimsikiliza akivuta pumzi moja moja. Tena polisi wa barabara walishatangaza kwamba saa sita mchana wanateremsha kizuizi, maana kuna dhoruba inakuja.

Ukuta ule wa theluji ungewala saa mbili kuuchimba. Hizo saa mbili hawakuwa nazo.

"Na hata lisingezikwa," Esfandiar aliendelea, maana alishaona ana watazamaji, "hiyo teksi yako ya Paykan ingefika wapi leo? Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma!"

"Miaka thelathini na moja nimefanyia teksi mlima huu kwa magurudumu hayo ya nyuma. Gunia la mchanga kwenye buti, minyororo kwenye matairi, gia ya pili. Sijamwaga abiria hata mmoja."

"Minyororo! Mimi langu linavuta kwa magurudumu yote manne. Silifungi hata uzi."

"Linavuta, ndiyo. Na kusimama je? Kwa kusimama kila gari lina miguu minne tu, lako na langu!"

Watu wakacheka. Ndipo mlango wa Qodrat ukafunguka, kicheko kikafa. Golandam alisimama kizingitini kajifunga blanketi juu ya shungi, uso umevimba hata macho yamebaki mistari, viatu vya mumewe miguuni kwa sababu vyake havikuingia.

"Endeleeni," alisema, akatua, akavuta pumzi. "Mimi naweza kungoja kuzikwa."

Esfandiar alishuka ngazi upesi kuliko alivyopanda. Haya ilikuwa imemjaa shingoni.

"Twendeni na langu. Gari si langu, dada, ni lenu."

"Hapana, Bwana Esfandiar, tusikusumbue," Qodrat akasema.

"Usumbufu gani! Niue, lakini usinikatalie."

"Mungu akulipe. Tutachimba tu."

Kila aliyekuwa dirishani alijua mambo hayo lazima yazunguke mara ya tatu ndipo Qodrat aweze kukubali bila kuonekana mroho. Golandam hakungoja mzunguko wa tatu. Aliburuta viatu hadi kwenye gari refu jeupe la Esfandiar, akafungua mlango wa nyuma akaingia. "Mkimaliza kukaribishana, mimi nimo humu."

* * *

Lilikuwa gari zuri, hilo hakuna wa kulikana. Viti vya joto, kioo cha mbele kipana kama dirisha la duka. Lilipanda kona tano za kwanza kama mbuzi. Pembeni mwa barabara wenye magari madogo walikuwa wamepiga magoti kwenye tope la theluji wakifunga minyororo, hawa mbele, wale nyuma, kila mmoja kwa jinsi gari lake linavyovutwa. Pikapu moja tupu ilikuwa imegeuka ikatazama ilikotoka, na mwenyewe alikuwa anaitupia mawe nyuma ili ipate uzito.

"Waone," Esfandiar alisema kwa kicheko. "Wanaliabudu tairi."

"Na yako minyororo uliiacha wapi?" Qodrat aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya watoto.

"Stoo. Hata nailoni yake sijaichana."

Kuanzia kona ya tatu Qodrat alikuwa ameshaona: kijana huyu hashuki gia, anategemea breki, analifuata lori la mbele kana kwamba wamefungwa kamba, na kila gari linapotii, anazidi kuliamini. Mguu wa kulia wa Qodrat ulikuwa unabonyeza sakafu ambako hapakuwa na breki.

Lakini atasema nini? Saa moja iliyopita amemtukana mtu huyu mbele ya kijiji kizima. Mtu huyu ameacha paa lake nusu amekuja kumwokolea mke. Mgeni anayekaa kwenye kiti cha mwenyeji na kumfundisha namna ya kuendesha gari lake mwenyewe, huyo alinganishwe na nani? Kwa hiyo alisema yale ambayo watu wao husema.

"Mashallah, gari lako halijui kuchoka."

"Hujaona kitu bado, mzee wangu!" Akaongeza mwendo.

Baadaye kidogo Qodrat akajaribu tena. "Kuna chai kwenye chupa. Tungesimama kidogo tunywe?"

"Tutakunywa mjini. Dada Golandam asichelewe."

Nyuma, pumzi ya Golandam ilikuwa na sauti ya maji kama mtu anayenyonya mrija uliofika mwisho wa glasi.

Walipita kambi ya watu wa kutunza barabara kileleni, moshi ukitoka bombani, wakaanza kushuka. Mawingu yalikuwa yameteremka hadi usawa wa nyaya za umeme. Jua halikuwepo, wala kivuli. Mlima na anga vilikuwa kitu kimoja cheupe, ila barabara mbele yao ambayo ilianza kuwa nyeusi, nyeusi ya kumeta, kana kwamba imeoshwa.

"Ona," Esfandiar alisema, "huku wamesafisha kabisa."

Qodrat hakuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza. Asubuhi nzima matairi yalikuwa yanaongea: kwanza yanasaga theluji, halafu yanapasua tope lake, shaa, shaa, shaa. Sasa yalinyamaza. Hayakupunguza sauti, yalinyamaza kabisa, kama nyumba ya watu wanaokuteta ukiingia. Akajua kwamba chini yao hakuna barabara. Kuna barafu tu, laini kama kioo.

Alifungua mdomo. Akatafuta namna ya kulisema kwa heshima. Akalitafuta, na katika kulitafuta huko wakala mita mia moja.

Baada ya kona, lori la mbele lilikuwa limesimama limekingama njia nzima. Kulia ukuta wa mlima. Kushoto palikuwa na hewa tu.

Esfandiar akakanyaga breki hadi chini.

Gari halikupunguza hata kidogo. Pua ikaanza kugeukia kushoto, pole, bila haraka yoyote, kama mtu anayegeuza kichwa anaposikia jina lake.

"Toa mguu kwenye breki!" Qodrat alinguruma. "Toa, mpumbavu wewe! Usilitazame lori! Tazama ukuta wa theluji, kulia, usukani kulia, polepole, polepole, kisirani wee!"

Esfandiar alitoa mguu. Matairi yalipoachiwa yazunguke yakapata pa kushika, pua ikarudi, na gari likajichomeka kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima kwa kishindo kilichowatupa wote mbele. Gurudumu moja lilivunjika likalala ubavu. Kati yao na bamba la lori mtu angeweza kupita, akiwa mwembamba.

Kisha, nyuma, ile pumzi ya maji. Moja. Kituo kirefu. Ya pili.

Esfandiar alikuwa bado ameshika usukani. "Ulijua?"

"Toka kona ya tatu."

"Sasa mbona hukusema?"

Qodrat alitazama mikono yake. "Gari ni lako," alisema, na maneno hayo yalipotoka mdomoni aliyasikia jinsi yalivyo.

* * *

Greda la theluji liliwakuta dakika ishirini baadaye, likishuka kutoka kambini na minyororo minene kama mkono wa mtoto. Dereva wake, Teymur, lijitu lenye masharubu yaliyoganda, lilitupa jicho moja kwenye kiti cha nyuma halikuuliza swali la pili.

"Nina kiti kimoja. Lori nitalivuta pembeni, nipite naye. Nyinyi na dereva wa lori pandeni kwa miguu hadi kambini, baada yangu hashuki mtu."

Wakambeba Golandam hadi juu ya ngazi za greda. Alikuwa mzito kwa maji, na mikono yake baridi. Alipokalishwa alimshika Qodrat kola.

"Siku nyingine," alisema, akavuta pumzi, "adabu zako uziache nyumbani. Nisafiri na mume."

Mlango ukafungwa.

Kambini, Mash Safar, mkubwa wa zamu, aliwapa nafasi karibu na jiko la mafuta. Esfandiar aliketi. Qodrat alibaki nje barazani chini ya dirisha la redio, theluji ikimjaa mabegani, na alipoitwa hakugeuka. Dhoruba ilikuwa imefika. Saa sita kasoro redio ilikoroma: theluji imeporomoka huko chini, karibu na daraja. Mash Safar akamwita Teymur. Hakujibu. Akamwita tena. Ndani watu waliacha kucheza karata. Esfandiar alitoka akasimama kando ya Qodrat, hatua moja nyuma, bila koti, wakatazama upande ambao hapakuwa na kitu cha kutazama.

Ilipita saa nzima na zaidi. Mash Safar alikuwa ameshaanza kumwita Teymur kwa sauti ya nyumbani, si ya kazi, redio ilipokoroma tena.

"...nasikia, nasikia, acheni kelele. Ilidondoka nyuma yangu. Nimemfikisha. Wameshamfunga kwenye mashine. Nesi ananitukana kwa sababu ya buti zangu."

"Anasemaje yule nesi?" Qodrat aliuliza kupitia dirishani. Mash Safar akauliza.

Jibu la Teymur likarudi. "Anasema moyo ulishaanza kurukaruka. Anasema angechelewa saa moja zaidi..." Hakumalizia. "Anasema atalala hukohuko hadi njia ifunguke. Lakini hata akirudi nyumbani, Jumanne lazima awepo tena. Mwambieni mumewe."

Jumanne. Qodrat aliitazama theluji inavyoshuka, nene, ya kukaa. Akashika nguzo, na mkono wa Esfandiar ukamshika kiwiko.

"Jumanne naichana ile nailoni," Esfandiar alisema kwa sauti ya chini. "Na gari likiwa halijapona, nitakuchimbia lako kwa mikono. Utaendesha wewe. Mimi nitakaa nyuma niwe gunia la mchanga."

Qodrat hakucheka, lakini hakuutoa mkono ule.

Mash Safar alisukuma mlango kwa goti, sufuria ya supu ya kondoo mikononi, mvuke ukimfunika uso. "Nyinyi wawili, vueni viatu. Nyama imeiva na mkate uko juu ya jiko. Ingieni mle."