Nilivyomtembeza Jirani Bwawani

Mtaani kwetu wananiita Domo Zege, na sijawahi kugombana na mtu kwa hilo, maana ushahidi wanao. Mimi ni fundi bomba. Niweke chini ya sinki la mtu, nitaongea kama redio: habari za kutu, habari za mpira ulioliwa, habari za fundi aliyenitangulia na akili zake. Nitoe chini ya sinki, nisimamishe mbele ya mwanamke, ulimi unagoma.

Mwanamke mwenyewe ni mshonaji. Duka lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja, na nimezoea kufanya kazi nikisikia cherehani yake. Yeye ni mjane, na mimi marehemu mke wangu alitutoka zamani. Kila asubuhi tunakunywa chai kwenye benchi la nje, mpaka benchi limepinda upande wangu. Nilikuwa nimeridhika kabisa. Kisha mwanawe anayeishi mbali akampigia simu: mama, njoo ukae nasi, ulee wajukuu, umeshona vya kutosha. Jumatatu gari lingekuja kuchukua vitu vyake. Alinieleza habari hizo akinitazama usoni, na mimi, fahari ya ukoo wetu, nikajibu, "Hakikisha cherehani imefungwa vizuri, isije ikavunjika njiani."

Dada yangu aliposikia nilivyojibu alijishika kichwa. "Kaka, wewe ni mzigo," alisema. "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpeleke mahali patulivu, umwambie unataka kumwoa, basi."

Mahali patulivu nilipopajua ni bwawa la zamani nje ya mji, ziwa zima lililochimbwa kwa majembe na makarai enzi za babu zetu. Jumamosi tukaenda. Maji yalikuwa yametulia, miti imepandwa kwa mstari ukingoni, ndege weupe wamesimama kwenye kina kifupi. Ingekuwa si ule ukuta mkubwa wa mawe, ungedhani ziwa limekuwepo tangu dunia iumbwe.

Tulianza na ukuta. Alisimama katikati, akaegemea kingo, akasema, "Pazuri hapa. Nitapakumbuka."

Hapo hata mbuzi angeelewa. Mimi nikamweleza kwa nini ukuta wa bwawa huwa mnene chini kuliko juu. Nilieleza vizuri sana, kwa mikono yote miwili.

"Kumbe," akasema.

Tukakodi boti la pedali twende kwenye kisiwa kidogo kilicho katikati ya bwawa. Magoti yangu yalikuwa yananigonga kidevu. Nilikanyaga kwa nguvu za mtu anayejikasirikia, yeye akakanyaga taratibu kama yuko kwenye cherehani, na boti likaanza kuzunguka pale pale. Watoto ukingoni walikuwa wanatupigia makofi.

"Fundi, tunakwenda wapi?"

"Kisiwani."

"Mbona kisiwa kinatuzunguka?"

Hatukufika. Nikaona nimalizie jambo langu nchi kavu, nikampeleka kwenye jengo la pampu, ambalo siku hizi ni makumbusho. Ndani mlikuwa na mashine nyeusi za chuma, zimepakwa mafuta, zimezungushiwa kamba yenye kibao cha USIGUSE. Palikuwa kimya. Nikapiga moyo konde.

"Jirani," nilianza, "kuna jambo nimekuwa nalo moyoni."

"Sema, fundi." Alinigeukia mzima mzima.

Nyuma ya bega lake koki kubwa ya kale ikadondosha tone. Nilijitahidi, Mungu ni shahidi yangu. "Ni jambo la siku nyingi," nikasema. Likadondoka la pili. "Jambo ambalo..." La tatu.

"Samahani kidogo," nikasema, nikaruka kamba na kutoa spana mfukoni. Wanaume wengine huenda kuposa na pete.

Nilitaka kuikaza kidogo tu. Shingo ya koki ikakatika ikabaki mkononi mwangu, na maji yakanipiga kifua yakaniketisha sakafuni. Wageni walikimbia wakipiga kelele. Mpaka msimamizi alipofunga maji kule nje, nilikuwa nimelowa hadi soksi, na ile shingo bado nimeikumbatia.

Msimamizi alikuwa mama mfupi, mkali, mwenye funguo kiunoni. Alitupeleka ofisini kwake.

"Mzee mzima! Kibao hukukiona?"

"Nilikiona."

"Sasa?"

"Nilidhani ni cha wasio mafundi."

Akavuta pumzi ndefu. Akaamua kwamba nitarudi wiki ijayo kuitengeneza mbele ya macho yake, na leo nitaondoka nikidhaminiwa na mtu wa nyumbani kwangu. "Si rafiki wala jirani," akasema. "Majirani wameshanichezea sana. Huyu mama ni nani wako?"

Mimi ni mtu mkweli, na ukweli wangu ukachagua saa ile kuamka. "Huyu ni ji..."

Mshonaji akanikanyaga mguu. "Ni mume wangu," akasema. "Ndivyo alivyo. Nimeshamzoea."

Tukaachiwa. Nje tulikaa juani nikauke, yeye akikamua koti langu. Nikaona ni adabu nimshukuru.

"Ahsante, jirani. Ule uongo wako umenisitiri."

Mikono yake ikaacha kukamua.

"Mimi si mwongo," akasema polepole. "Nimekungoja pale ukutani. Nimekungoja kwenye boti. Nimekungoja mle ndani, ukaniacha ukaenda kushika koki. Mwanangu nimemwambia sijakata shauri, kuna neno nalisubiri kutoka kwa mtu. Jumatatu gari linakuja. Dereva nimwambie nini?"

Hotuba niliyoitunga siku zote hizo ilikuwa imenitoka yote, halikubaki hata neno.

"Mwambie arudi na gari tupu," nikasema. "Usiende. Nakupenda. Naogopa asubuhi nitakayotoka nje nikute duka lako limefungwa. Nioe... yaani, nikuoe."

Alilaza koti magotini, akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka hapo hapo. Nami nikafungua mdomo niendelee, kwa kuwa nilishaona kumbe si kazi ngumu.

Akaniziba kwa kiganja.

"Inatosha," akasema. "Ishia hapo hapo, usije ukaharibu."